Mchezo wa Chaneli ya Tano

Mlabani, Ifakara
2 Julai 2023

Mdogo wangu Fridolin,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia hata kama hujaandika. Huku wazima. Mpunga nimevuna magunia kumi na moja, la kumi na mbili wamekula panya. Goti bado linanisumbua, nauza mchele nikiwa nimekaa. Kaburi la wifi Aurelia nimelipalilia Jumamosi. Lisikupe mawazo.

Sasa sikiliza. Lukelo kaniandikia. Anasema akikaa kwenye huo mnara wa msituni mwezi mmoja mwingine ataruka. Nilisoma mara tatu nikakaa chini. Wewe unamjua mpwa wako. Miwa ya Kidatu aliacha mwezi wa kwanza. Bodaboda alimrudishia mwenyewe. Kwa fundi matofali alitoka saa ya chakula, hawajamwona mpaka leo. Ana miaka ishirini na sita, Fridolin. Hii kazi ya kuangalia moto ni wewe uliyemwombea, na msimamizi wenu alisema mbele yangu: atakayemaliza msimu mpaka mvua zishuke anaandikwa kazi ya kudumu. Akishuka kabla, asirudi kuomba hata kupanda miche.

Ninyi mko kilima kwa kilima, mnaonana kwa darubini. Mshike huyo mtoto. Chesi anaipenda kuliko kula, tangu sekondari. Mchezeshe.

Na uniandikie barua. Usiniletee mistari miwili kama unaandika namba kwenye gunia.

Dada yako,
Digna


Mnara wa Kwanza, Uchindile
19 Julai 2023

Dada, shikamoo.

Mimi mzima. Baridi kali, upepo mwingi. Maji trekta linaleta mara moja kwa wiki. Barua hii nampa Anselim, dereva wa trekta, ataifikisha stesheni. Asante kwa kaburi.

Nimeongea na Lukelo kwenye redio. Kweli hali yake si nzuri. Mnarani uko peke yako. Ngazi arobaini na mbili, chumba cha hatua nne. Toka kukicha mpaka giza unaangalia miti. Miti haisogei. Unashuka kupika na kwenda chooni, basi. Mtandao wa simu hakuna. Mimi nimezoea, tangu Aurelia afe naona afadhali huku. Yeye kijana.

Na hawezi kupumzika hata siku moja. Kazi iko hivi. Ukiona moshi unapima kwa dira, unataja namba kwenye redio. Mnara mmoja hautoshi, unajua upande tu, hujui umbali. Minara miwili ikipima, kituoni wanavuta kamba mbili juu ya ramani. Zinapokatana ndipo moto ulipo. Akikosekana yeye, mimi sina maana.

Chesi tumejaribu. Kila mtu na ubao wake, tunasemezana kwa redio. Haifai. Amenifunga michezo tisa. Wa tisa nimefungwa chai haijapoa. Chesi alinifundisha yeye mwaka ule alipokaa kwangu, nitamwezaje? Anachoka kunifunga. Halafu kete ni nyingi. Upepo ukiangusha sijui farasi alikuwa wapi, tunabishana.

Bao nalo tumejaribu. Ukiweka kete moja shimo siyo, ubao wangu si ubao wake, na hakuna anayejua. Tumecheza siku nzima michezo miwili. Yeye anashangilia kashinda, na mimi nashangilia. Drafti hataki, anasema ya stendi.

Wewe uko mjini. Uliza watu. Mtu wa chesi ukimkosesha chesi unampa nini? Kisiwe na kete za kuhamahama. Kisemeke kwa maneno machache. Na mimi nikiweze, angalau siku moja moja.

Fridolin


Mlabani
6 Agosti 2023

Fridolin mdogo wangu,

Umejitahidi, ukurasa mzima. Hapa kila mtu anakusalimu. Goti nimepaka dawa ya Mama Margareta, linanuka, halijapona.

Nimemuuliza Mwalimu Devota. Anafundisha hesabu, Jumamosi watoto wanacheza chesi sebuleni kwake. Alikuja kununua mchele nikamkamata hapo hapo. Nikamwambia, "Mwalimu, kijana wangu ana chesi kichwani, yuko msituni, mwenzake wa kucheza ni mjomba wake, na mjomba kichwa kigumu."

Akacheka. Akasema, "Mama Lukelo, la kwanza usimpe dadu. Mtu wa chesi hapendi bahati. Anataka kila kitu kiwe wazi mbele yake, akishindwa ajue ameshindwa na akili ya mtu."

Nikasema dadu hatuna.

"La pili, usimpe chesi ndogo, wala kitu kinachofanana na chesi. Ataanza kulinganisha, mwisho ataidharau. Mpe kitu ambacho hata yeye anaanza sifuri. Hapo na mjomba atapata pa kushika."

Akanichorea mitatu. Nimenakili kwa mkono wangu, usicheke.

Mmoja ni miraba mitatu, mmoja ndani ya mwenzake, imeunganishwa katikati ya kila upande. Kila mtu kete tisa. Ukipanga tatu kwenye mstari unamtolea mwenzio moja. Asiye na pa kusogea kafungwa.

Mwingine ni ubao wa vitundu vya pembe sita, kama sega la nyuki. Mmoja anajenga njia toka kushoto kwenda kulia, mwingine toka juu kwenda chini. Anayefika kwanza kashinda. Mwalimu anasema huo hauna sare, haijawahi kutokea.

Wa mwisho ni wa mawe. Piga mistari tisa kwa tisa. Unaweka jiwe pale mistari inapokatana, halitembei tena. Penye nafasi wazi pembeni yake ndiyo pumzi ya jiwe. Ukiziba zote unaling'oa. Yakigusana yanashirikiana pumzi. Mwisho mnahesabu nani kazungushia eneo kubwa. Mwalimu anasema ni rahisi kuueleza, ila wapo wanaoucheza mpaka wanazeeka na bado wanaona hawajaujua.

Jaribuni. Akishuka huyo, sina pengine pa kumpeleka.

Digna


Mnara wa Kwanza
27 Agosti 2023

Dada, shikamoo.

Mimi mzima. Kidole nimejikata na panga, kinapona.

Miraba mitatu tumecheza siku nne. Mzuri. Siku ya tano Lukelo akagundua jinsi ya kutofungwa, na mimi nikaiga. Hakuna anayeshinda tena. Tumeuacha.

Sega la nyuki kuchora ni kazi. Nimekosea safu moja, ina vitundu saba badala ya nane, ikabidi nianze upya. Lukelo anaupenda, ila anasema anayeanza ana faida mno, na unakwisha haraka. Tumeuweka wa Jumapili.

Wa mawe ndio wenyewe. Natumia maharage na mahindi. Ukishaweka halisogei, kwa hiyo hakuna kubishana. Kwenye redio unataja namba mbili tu, mstari wa kushuka na mstari wa kulala. Nimemshinda mara mbili. Mara ya kwanza alisema, "Mjomba, umenijengea ukuta mimi naangalia pembeni! Kumbe una roho mbaya hivi?" Akacheka. Tangu mwezi wa sita sijamsikia akicheka.

Ila ni mchezo unaobana. Jiwe likishawekwa halina pa kwenda. Linakaa pale linasubiri kuzibwa. Siku nyingine nasukuma ubao pembeni, nashuka ngazi ishirini, napanda tena.

Jambo moja ulijue wewe tu. Chaneli ya kwanza ni ya kazi, kituo kinasikiliza. Sisi tunahamia ya tano, haina mtu. Saa nne asubuhi nusu saa, saa tisa mchana nusu saa. Kisha tunarudi. Ni kosa. Usimwambie mtu, hata huyo mwalimu.

Kushuka hakutaji tena.

Fridolin


Mlabani
15 Septemba 2023

Fridolin,

Mungu akubariki, wewe na hicho kichwa chako kigumu.

Lukelo kaniandikia. Safari hii anaomba kambale mkavu na soksi. Nauli ya kurudi hajaitaja. Anasema, "Mjomba anajifanya hajui, kumbe ananivizia." Nimecheka peke yangu dukani, mteja akaniuliza kama mimi ni mzima.

Hiyo chaneli ya tano sijaipenda. Nilitaka kukwambia acheni. Nimeandika neno hilo nikalikata, ndiyo hiyo karatasi imechafuka hapo juu. Bora acheze kuliko aruke. Miezi mitatu tu imebaki.

Kambale ninamtuma na abiria wa treni ya Ijumaa. Wako yupo pia, usimnyang'anye mtoto.

Digna


Mlabani
8 Oktoba 2023

Fridolin,

Leo sikuulizi hali.

Lukelo yuko hapa. Alishuka treni ya juzi na begi na godoro lake. Hakuniamkia. Kanipa karatasi. Ameachishwa. Imeandikwa kwamba tarehe 28 Septemba, saa tisa na dakika kumi mchana, alitaja umbali usio sahihi, gari la maji likaenda bonde jingine, hekta thelathini na nane za miti michanga zikaungua. Hafai kwa kazi ya mnara.

Nimemuuliza. Kasema, "Nilikosea kukadiria, Mama." Basi. Kalala, kageukia ukutani. Siku ya tatu leo. Namwekea chakula kwenye stuli mlangoni, narudi nakikuta na nzi. Wateja wanauliza, "Huyo si alikuwa Uchindile?" Nawaambia yuko likizo. Mwanangu ana likizo ya kuangalia ukuta.

Na mimi nimefungwa humu naye. Nikitoka naogopa, nikikaa naogopa.

Nijibu kitu kimoja. Kwa nini alikadiria? Uliniandikia mwenyewe, kamba mbili juu ya ramani. Ya kwako ilikuwa wapi?

Digna


Mlabani
25 Oktoba 2023

Fridolin,

Treni zimepita. Anselim kamwambia abiria kwamba barua yangu alikukabidhi mkononi.

Andika.

Digna


Mnara wa Kwanza
2 Novemba 2023

Dada, shikamoo.

Barua zote mbili nimepata. Huku joto. Majani yamekauka yanalia ukikanyaga. Mvua bado. Mnara wa Pili, ule wa Lukelo, wameweka mtu wa Mlimba, haongei. Mimi mzima, nyumba nzima wasalimie.

Pole kwa Lukelo. Ni bahati mbaya. Siku ile betri ya redio yangu iliisha. Nimeshawaeleza.

Mwambie apumzike. Kazi zipo nyingi.

Goti linaendeleaje?

Fridolin


Mlabani
12 Novemba 2023

Fridolin,

Goti liache.

Nilimsomea Lukelo barua yako, nimekaa kizingitini. Nilipofika kwenye betri akageuka, mara ya kwanza naona uso wake mchana. Nikamuuliza, "Ni kweli?" Akasema, "Mama, kama mjomba kasema betri, basi ni betri." Akavuta shuka kichwani.

Mimi ndiye niliyemzaa. Akidanganya kwa faida yake anaongea sana, mpaka unamwonea huruma. Akidanganya kwa ajili ya mtu, anafunika kichwa. Alipokuwa darasa la tano alichapwa kwa kioo alichovunja mtoto wa jirani, alifunika kichwa hivyo hivyo.

Saa tisa na dakika kumi, Fridolin. Unajua ulichoniandikia kuhusu saa tisa. Nimeitoa barua ile nimeisoma tena.

Nilinyamaza kwa sababu alikuwa anacheka. Kwa hiyo na mimi nimo, sikatai. Lakini redio sikushika mimi. Huyu mtoto kwa mara ya kwanza alikaa mahali miezi minne bila kukimbia, na sasa mji mzima utasema ni yule yule. Usiponijibu neno la kweli napanda treni na goti hili hili, namuuliza msimamizi.

Digna


Mnara wa Kwanza
26 Novemba 2023

Dada, shikamoo.

Saa tisa na dakika kumi. Ndiyo.

Tulikuwa kwenye mawe. Ilikuwa zamu yake. Akasema, "Subiri, mjomba." Nikasubiri. Nilijua anafikiria. Mawe yake saba nilikuwa nimeyazungushia, imebaki pumzi moja, naiangalia hiyo tu. Sikuinua kichwa. Kumbe kaona moshi. Karudi chaneli ya kwanza, katoa namba ya dira, kama inavyotakiwa. Kituo kikaniita nitoe yangu. Mimi niko ya tano. Waliniita mara sita. Wakamwambia yeye, basi kadiria umbali. Akakadiria. Upande alipatia. Umbali hakupatia. Hata ingekuwa wewe, kilima kinadanganya.

Nilipoinua kichwa moshi umeshakuwa mnene. Dakika ishirini zilipita.

Jioni tulisimama kwenye majivu, mimi, Lukelo, msimamizi na watu wa gari la maji. Msimamizi akaniuliza, "Mzee, redio yako?" Nikasema betri. Lilitoka lenyewe. Lukelo aliniangalia, kisha akaangalia viatu vyake. Nilidhani atasema. Halafu nikatamani asiseme. Na hakusema. Hilo ndilo baya, dada. Miti itapandwa.

Sikukuandikia kwa sababu kila nikishika kalamu ilitoka betri. Nilichana karatasi nne. Chumba cha hatua nne, nimezunguka humu wiki nane na hilo neno. Usiku nalisikia.

Jana saa moja asubuhi, wakati wa kuripoti, watu wote wako kwenye redio. Nikabonyeza. Nikasema, "Mnara wa Kwanza. Tarehe 28 betri yangu haikuisha. Nilikuwa chaneli ya tano nacheza mchezo. Lukelo alifanya kazi yake. Kosa ni langu." Nikajua hawakusikia, nikarudia yote. Anselim akajibu toka kwenye trekta, "Tumesikia, mzee. Tumesikia mara mbili."

Msimamizi alikuja mwenyewe. Alinitukana toka ngazi ya kwanza mpaka ya arobaini na mbili. Alipofika juu akasema kazi yangu imekwisha. Nikasema sawa. Nikachukua begi. Akasema, "Unakwenda wapi? Mnara hauachwi mtupu kiangazi, na mimi mtu sina!" Basi nimefukuzwa na siwezi kuondoka. Tumekaa hapo tunaangaliana.

Nikamwambia mtu yupo, yuko Mlabani kalala. Akasema Lukelo akija kabla ya tarehe kumi Desemba, anashika mnara huu wangu mpaka mvua. Ile karatasi inafutwa, msimu unahesabiwa ameumaliza, kazi ya kudumu iko pale pale. Nilimwambia aandike. Kaandika, kaweka sahihi. Nimeiweka humu.

Asipokuja nabaki mimi mpaka mvua, na nafasi yake atapewa huyu wa Mlimba.

Usimlazimishe. Mwambie mjomba wake amesema: ungenitaja siku ile, nisingekulaumu.

Fridolin


Mlabani
5 Desemba 2023

Fridolin,

Barua yako sikumsomea. Nilimpa asome mwenyewe, na ile ya msimamizi. Akatoka nazo uani akakaa juu ya kinu kilicholala. Nikapima mchele wa watu, narudi yuko pale pale. Kuku wakaingia kulala, yuko pale pale. Sikumuuliza kitu. Unajua kwangu hiyo ni kazi kubwa.

Leo asubuhi nimemkuta ananyoa ndevu kwenye kioo cha dirishani. Akasema, "Shikamoo Mama." Ya kwanza tangu arudi. Akasema, "Nifungie mchele kilo tano."

Nikamuuliza, "Unakwenda kwa ajili ya kazi, au kwa ajili ya mjomba wako?"

Akasuuza wembe. Akasema, "Kule juu kuna mtu hawezi kushuka."

Basi. Barua hii anayo yeye, ndiye atakayekukabidhi. Nimeifunga na gundi, hajui nilichoandika. Usimwombe msamaha hapo kwenye ngazi, mtatiana aibu bure. Mpe darubini, mpe dira, mwonyeshe pipa la maji lilipo, kisha ushuke.

Sijakusamehe. Siwezi kufanya hivyo kwa karatasi. Panda treni, njoo moja kwa moja hapa nyumbani nikugombeze nikiwa nakuona. Chakula utakikuta.

Dada yako,
Digna